Mpini wa Mti wa Kahawa

Hagsätra, Stockholm
8 Septemba 2024

Taata mpendwa,

Shikamoo. Mdogo wangu Brigitha ananiambia masikio yako sasa yamekataa simu kabisa, kwamba nikipiga unaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa adabu tu na neno husikii. Basi nimenunua karatasi na bahasha. Mashine ya kupasua mbao imekula masikio lakini macho haijayafikia, kwa hiyo utanisoma.

Sisi wazima. Tereza ameingia darasa la tano na ananijibu Kiswidi hata nikimsalimia Kihaya. Mimi bado ni muuguzi pale hospitali ya Flemingsberg, wodi ile ile, miguu ile ile inayouma.

Kilichonifanya niandike leo ni kwamba kuna kitu nataka kununua, na sitaki ukisikie kwa watu. Watanzania wa hapa unawajua, ukinunua sufuria leo kesho Kamachumu nzima inajua ukubwa wake. Taata, nataka kununua bastola. Ndogo, iliyotumika. Ni halali na polisi wana habari. Nitakueleza vizuri, sasa hivi treni inafika.

Mwanao,
Asteria

Kamachumu
2 Oktoba 2024

Mwanangu Asteria,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu nimelala kitandani na viatu vyangu.

Bastola! Nani anakutisha? Kama ni jirani, niambie. Kama ni yule baba yake Tereza, niambie haraka zaidi. Huku kwetu bastola anayo mkuu wa polisi na anayo jambazi, sasa wewe ni yupi kati yao? Nimemwomba Padre Clement akuombee, sikumtajia sababu, na ameniangalia kwa jicho baya akidhani ni mambo ya ndoa.

Usininyamazishe kwa maneno mawili ya kwenye treni. Kaa chini uandike.

Ni mimi baba yako,
Deusdedit

Hata hivyo fundi hawezi kunyamaza. Kitu cha chuma kilichotumika, usiangalie kinavyong'aa, maana mafuta kila mtu anayo. Angalia skrubu. Kama vichwa vya skrubu vimechanika, kilifunguliwa na mtu mwenye hasira, kiache hapo hapo.

Hagsätra
20 Oktoba 2024

Taata mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu kwenye treni mpaka mama mmoja akahama kiti.

Hakuna anayenitisha. Ni mchezo, kama wewe na jirani yako Ta Ludovick mnavyocheza bao. Unasimama kwenye ukumbi ulio chini ya ardhi, mkono mmoja umenyooka, na karatasi yenye miduara iko mita ishirini na tano mbele yako. Hupigi mtu wala ndege. Mwenzangu wa wodini alinipeleka miaka miwili iliyopita, baada ya zamu moja mbaya sana, nikajikuta nimetulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Huwezi kulenga huku unafikiria mgonjwa wa kitanda cha tisa. Muda wote huo nimetumia bastola za klabu, nimefanya majaribio, nimepata alama ya dhahabu, nao wamenipendekeza kwa polisi. Kibali chenyewe ni cha bastola moja tu, kwa namba yake, na nyumbani lazima niwe na kabati la chuma lililofungwa kwa bolti. Majambazi hawasumbuliwi hivi.

Anayeuza ni mwenzetu wa klabu, anaitwa Emilia. Ana miaka sabini na tisa, anakaa Farsta, zamani alifundisha hesabu. Macho yake yameanza kufifia na anasema bora aache akiwa bado analenga. Laiti ungemwona mama huyu! Alitandika gazeti mezani, akaifungua bastola vipande vipande, akavipanga kwa mstari, akaniambia nikague kila kimoja kabla sijasema bei ni nzuri au mbaya. Ana daftari ameandika kila siku aliyofyatua tangu mwaka 1986. Na skrubu nilizikagua, Taata. Hakuna hata moja iliyochanika. Nilipomwambia ni baba yangu aliyeniagiza niangalie skrubu, alivua miwani akasema, "Hälsa din pappa," yaani anakusalimu. Sijawahi kumsikia akimsalimu mtu asiyemjua.

Bastola ni fupi, nyepesi, ya risasi zile ndogo kabisa. Nimeipenda. Tatizo ni mpini. Pande mbili ina vibao vya mbao, na hivyo vilichongwa kwa kipimo cha mkono wa Emilia, havinikai. Klabuni nimejaribu vya mpira, ni vinene na vinateleza mkono ukitoa jasho. Nimejaribu vya plastiki, vimetengenezwa kwa mwanaume mwenye kiganja kama beleshi. Kidole changu kinafika kwenye kifyatulio kwa kunyooshwa, na ukikinyoosha bastola nayo inageuka. Mwezi wa tano kuna mashindano ya kuchagua timu ya wilaya, watu wanne tu. Emilia anasema naweza kuingia. Kwa mpini huu siingii.

Mwanao,
Asteria

Kamachumu
14 Novemba 2024

Mwanangu Asteria,

Marahaba. Sasa naandika nimekaa vizuri, na viatu nimevua.

Mita ishirini na tano nimezipima kwa hatua kutoka mlango wa karakana hadi kwenye choo cha Ta Ludovick. Nikabandika karatasi ukutani nikarudi mlangoni. Mwanangu, karatasi yenyewe siioni! Na wewe unapiga katikati? Nimesimama pale muda mrefu nikijiuliza utulivu huo umeutoa wapi, maana kwangu haukutoka. Itakuwa ni kwa marehemu mama yako, aliyeweza kutoa mwiba kwenye kidole cha mtoto anayelia bila kumgusa ngozi.

Yule mama wa Farsta mrudishie salamu zangu. Mtu anayetandika gazeti kabla ya kufungua chombo, huyo ni fundi hata kama alifundisha hesabu.

Ila wewe una wazimu kidogo. Miaka arobaini na mitano nimechonga mipini ya majembe, mashoka, mapanga na nyundo, wilaya hii yote inalima kwa mikono yangu, na binti yangu anahangaika na plastiki! Mwombe mama huyo vibao vyake vya zamani unitumie viwe kipimo. Kisha weka kiganja chako kwenye karatasi, tandaza vidole, chora ukifuata kidole kimoja kimoja. Karatasi yenyewe nitumie, usinitumie picha ya simu, maana picha haina urefu wala upana.

Na mwandiko wako siku hizi umekuwaje? Zamani ulisimama wima, sasa umelala kinyumenyume kama mgomba uliopigwa na upepo, na wino umepakaa ukurasa mzima. Wanakunyima usingizi huko.

Baba yako,
Deusdedit

Hagsätra
5 Desemba 2024

Taata mpendwa,

Shikamoo. Kibali kimetoka! Kwenda Farsta kuichukua nilivaa kitenge chini ya koti la baridi, sijui kwa nini, niliona haifai kwenda kama ninayekwenda sokoni. Emilia aliisindikiza mpaka mlangoni, akafunga mlango upesi. Nadhani alilia.

Vibao vyake viko ndani ya kifurushi hiki. Ni mbao tu na skrubu moja, posta hawakuuliza kitu. Karatasi yenye mkono wangu ni hiyo iliyokunjwa mara mbili. Wewe mwenyewe utaona nini kinahitajika, mimi mbele yako sina la kusema.

Mwandiko ni kalamu za hospitali, mbovu sana.

Mwanao,
Asteria

Kamachumu
2 Februari 2025

Mwanangu Asteria,

Marahaba. Kabla hujaondoa gazeti nililovifungia vibao, kaa chini.

Unaukumbuka mti wa kahawa uliokuwa nyuma ya jiko, ule mama yako alioupanda mwezi aliokuzaa? Ulikufa kwa mnyauko mwaka juzi. Watu wakaniambia niuchome haraka ugonjwa usienee. Matawi nilichoma. Shina nilishindwa, nikaliweka juu ya dari ya jiko, likakaa kwenye moshi, sijui linangoja nini. Kumbe lilikuwa linakungoja wewe. Sijawahi kuchonga mbao ngumu namna hii. Imenivunjia patasi moja na ikanitia heshima. Ukiisugua inatoa rangi ya asali, na ukiinusa karibu kabisa utasikia jiko letu.

Mchoro wako ulinichekesha. Umenichorea mkono wa kushoto! Nikasema, bila shaka, wa kulia ulikuwa umeshika kalamu, angeuchoraje? Na vibao vya yule mama ni vya kulia. Basi nikaibandika karatasi yako kwenye kioo cha dirisha, upande wa nyuma ukinitazama, jua likapita, nikaupata mkono wako wa kulia bila kasoro. Mzee wako bado ana akili.

Kidole gumba kina kitanda chake, kiganja kina tumbo la kuegemea, na kidole cha mwisho nimekichongea kijishubaka maana nimeona ni kifupi, umekirithi kwangu. Ukishautumia niambie panapoumiza. Mpini wangu wowote, siku za kwanza lazima uumize mahali. Wakulima wote hurudi na malalamiko, nami nakwangua kidogo, wanakwenda zao. Anayeniambia hauumizi popote najua ameutundika ukutani.

Kuna na kahawa ya kutafuna. Mpe yule mama wa Farsta, umfundishe kuitafuna, asije akaichemsha.

Baba yako anayekusifia mpaka kanisani,
Deusdedit

Hagsätra
1 Machi 2025

Taata mpendwa,

Shikamoo. Vimefika. Nilikaa chini kama ulivyoniamuru, ndipo nikaondoa gazeti.

Sijawahi kumiliki kitu kizuri kama hiki. Rangi hiyo! Tereza amevinusa, akasema kwa Kiswahili, bila kuombwa, "Vinanukia kwa Babu." Emilia amevigeuzageuza mkononi, akaniuliza kama baba yangu anajua yeye mwenyewe ni fundi wa namna gani. Nikamwambia hajui. Kahawa ameitafuna yote palepale.

Vinanikaa kama ngozi. Haviumizi popote.

Asante, Taata. Asante sana.

Mwanao,
Asteria

Hagsätra
1 Machi 2025, kwa barua pepe

Brigi mdogo wangu,

Nimetoka kumdanganya Taata kwa maandishi, na mkono bado unanuka wino. Vibao vyake ni vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, na siwezi kuvitumia. Ni vya mkono wa kulia. Mimi natumia wa kushoto.

Unajua mwenyewe nilivyokuwa. Au labda hujui, ulikuwa bado hujazaliwa. Nilipoanza darasa la kwanza nilishika kila kitu kwa kushoto, kalamu, kijiko, hata kupokea kitu kwa mgeni. Kwaresima yote ya mwaka ule Taata alinifunga. Kila tukienda kula, kila nikiandika, alichukua kitambaa cha shuka kuukuu akafunga kifundo cha mkono wa kushoto kwenye mkanda wa gauni. Hakunipiga hata siku moja. Alifunga polepole na kila mara aliuliza, "Inaumiza?" Nilisema hapana. Pasaka ilipofika nilikuwa naandika kwa kulia, na alifurahi mpaka akaninunulia viatu.

Miaka thelathini na mitano, Brigi. Kisha Tereza anaanza shule hapa, anashika mkasi kwa kushoto, na mwalimu anafungua droo tu, anampa mkasi wa kushoto. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni. Siku ya kwanza klabuni Emilia aliniuliza, "Vilken hand?" Mkono upi? Swali hilo sikuwahi kuulizwa. Niliutoa wa kushoto. Na tangu hapo hata kuandika nimerudi huko.

Nilishindwa kumwandikia neno "kushoto". Nilichora mkono wenyewe nikidhani mchoro utanisemea. Naye, kwa akili zake zote, akaugeuza kwenye dirisha.

Mashindano ni tarehe kumi na saba Mei. Nitarudia ile plastiki na nitashindwa, potelea mbali. Siwezi kumwambia mzee wa miaka sabini na nne kwamba kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya ni ya mkono usiokuwa wangu. Usimwambie.

Dada yako

Bukoba
16 Machi 2025, kwa barua pepe

Dada Asteria,

Shikamoo. Nimetoka kwa Taata sasa hivi. Sikusema. Ila afadhali usingenituma kunyamaza, maana yule mzee amewaonyesha parokia nzima mchoro wa mkono wako. Anatembea nao kwenye mfuko wa shati.

Barua yako ameipata Alhamisi. Nilitegemea nitamkuta anacheka. Nilimkuta amekaa karakanani, barua zako zote amezipanga juu ya meza ya randa, anazitazama moja moja kwa ile lenzi yake. Nikaandika kwenye kile kislate tunachomwandikia asiposikia, "Kuna nini?" Akasema, "Amesema hauumizi popote."

Mwambie, dada. Kwa sababu mimi naona anaumwa na kitu.

Brigitha

Kamachumu
6 Aprili 2025

Mwanangu Asteria,

Marahaba, ingawa safari hii ningepaswa kukuamkia mimi.

Uliposema hauumizi popote nilijua umeutundika ukutani. Nikajiuliza nimekosea wapi. Kipimo kilikuwa sawa, mbao ilikuwa kavu. Nikachukua barua zako nikazisoma, sikusoma maneno, nilisoma karatasi. Wino umepakaa. Mtu anayeandika kwa kulia mkono wake unakwenda mbele ya maandishi, haugusi wino mbichi. Wako unaufuata nyuma na kuufuta, mstari baada ya mstari, tangu barua ya kwanza. Na mwandiko umelala kinyumenyume kwa sababu hiyo hiyo. Kalamu za hospitali hazina kosa.

Kisha nikautoa mchoro mfukoni nikauweka mezani bila kuugeuza.

Asteria, kile kitambaa ninakikumbuka. Kilikuwa na maua ya samawati. Niliogopa walimu watakupiga, niliogopa utampa mzee kitu kwa mkono huo naye amtukane mama yako, niliogopa mambo mengi na sikukuuliza hata moja. Kila siku niliuliza kama inaumiza, ukasema hapana, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Hapo nilikuwa tayari fundi. Nilipaswa kujua. Nisamehe, mwanangu. Nasema waziwazi ili usitafute maana nyingine: nilikosa, nisamehe.

Shina lilikuwa limebaki kipande kimoja, nilichokuwa nimekiweka kiwe mpini wa fimbo yangu. Fimbo ya mti wa muhumula inatosha. Ila mkono wa kushoto sikuujua unavyofanya kazi, nimechongea wa kulia maisha yangu yote. Basi siku nane nimefanya kila kitu kwa kushoto. Nimenyoa ndevu, nimejikata. Nimekula ndizi kwa kushoto uani, Ta Ludovick akanikuta, akageuza uso kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga. Ni mkono wenye akili, huo. Unaanzia upande ambao sisi wengine tunamalizia. Nimeufurahia, hata sasa naandika kwa kulia huku wa kushoto unanionea wivu.

Vibao ni hivi. Vile vya kwanza mpe yule mama wa Farsta, mkono wake ni wa kulia. Hata kama hafyatui tena, avishike tu.

Baba yako,
Deusdedit

Hagsätra
18 Mei 2025

Taata,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye benchi la stesheni ya Hagsätra na treni tatu zikaniacha. Nimekusamehe. Nilishakusamehe zamani, ila sikujua kwamba nilitaka uniombe. Kumbe nilitaka. Asante kwa kuniomba.

Jana tulishindana, watu ishirini na wawili. Emilia alikuja na kiti chake cha kukunja, vile vibao vya kulia viko mfukoni mwa koti, akivipapasa kama rozari kila nilipoinua mkono. Nilinyoosha wa kushoto. Kidole kilifika kwenye kifyatulio chenyewe, bila kunyooshwa, na bastola haikugeuka. Sikusikia watu, Taata. Kwa muda ule nadhani nilikuwa kama wewe.

Nimekuwa wa tatu. Nipo kwenye timu. Tereza amepiga kelele mpaka akatolewa ukumbini.

Sasa sikiliza, au tuseme soma. Mpini wako unaumiza. Ukivuka risasi ya arobaini, hapa chini ya kidole gumba pananichubua, na kijishubaka cha kidole cha mwisho ni kirefu kuliko kidole. Nataka malalamiko yangu yashughulikiwe kama ya wakulima wako.

Nimechora tena mkono, nimeweka alama ya msalaba mahali penyewe. Vibao nimevifunga pamoja na karatasi.

Usiigeuze.

Mwanao wa mkono wa kushoto,
Asteria